Nyumba ya Jarubani

Siku tuliyomfikisha Rukia hospitali kwa mara ya mwisho, daktari aliyempokea, kijana wa umri wa wajukuu zangu, aliniuliza pumu ilimwanza lini. Nikamwambia ilimwanza utotoni. Akaandika, akashukuru, akaenda kumhudumia mwanangu. Jibu lile lilimtosha, na kwa kazi yake halikuwa na kasoro. Mimi nilibaki kwenye benchi, mtandio mapajani, nikijua kwamba nimetoa neno moja kwa jambo lenye mwaka mzima ndani yake. Kabla ya magharibi Rukia alikuwa ametutoka. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, aliyeishi na kifua chake kama mtu anayeishi na jirani mkorofi, siku moja wanapatana, siku nyingine hawasalimiani. Tangu tumzike, wanaokuja kunipa pole husema Mungu ndiye aliyepanga, nami huitikia amina, maana ndivyo ninavyoamini. Lakini wakishaondoka, na vikombe vya chai vikishaoshwa, akili yangu hurudi kwenye chumba kimoja upande wa Handeni, chumba kilichopakwa chokaa yenye buluu, na hukaa humo mpaka mtu aje anitoe kwa kunisalimia.

Tulifika katika kijiji kile mwishoni mwa kiangazi, mimi, mume wangu Mwalimu Athumani, na Rukia ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashika kuta akijifunza kusimama. Kilikuwa upande wa Kwamsisi, kipya kabisa, kimojawapo cha vile vijiji vya miaka ile watu walipoondolewa walikokuwa wametawanyika, kila ukoo na kilima chake, wakapangwa mistari kando ya barabara. Jina lake sitalitaja. Watu wake hawakunifanyia ubaya, na sitaki wazee waliobaki wadhani nimekuja kuwasema. Tulipanda tela la trekta na vitu vyetu vichache, na tulipokaribia, wanawake walikuwa wamesimama pande zote mbili za barabara wakipiga vigelegele. Nyuma yao niliviona vibanda vyao. Vingine udongo ulikuwa bado mbichi, vingine vilikuwa fito tupu zilizozibwa na makuti, na mbele ya kila kimoja kulikuwa na vyombo nje kama vya watu waliokimbia mafuriko. Katikati ya vibanda hivyo, karibu na darasa, kwenye uwanja tambarare uliotazamana na barabara, ilisimama nyumba moja ya bati. Hiyo ndiyo ilikuwa yetu.

Waliijenga kwa nguvu zao. Wanaume walifyatua tofali za udongo na kuzipandisha, wanawake wakabeba mchanga na maji kutoka mtoni kwa vichwa vyao, na saruji ilipopatikana wakapiga lipu ndani na nje, na sakafu wakaisugua mpaka ikang'aa. Ilikuwa na sebule na vyumba viwili, na madirisha madogo ya mbao yaliyofungika sawasawa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Semboja, mtu mrefu mkimya ambaye mwenyewe alikuwa analala kwenye kibanda kisicho na mlango, alimkabidhi mume wangu ufunguo mbele ya watu wote. Maneno aliyoyasema siku ile nayakumbuka hadi leo. "Ndugu Mwalimu, sisi tunaweza kungoja. Anayetufundishia watoto asingoje." Mume wangu aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu aliyeamini, Mwalimu Athumani. Aliombwa abaki kufundisha Korogwe mjini akakataa, akasema kama wasomi wote watabaki kwenye miji ya reli, hao wanaohamishwa watafundishwa na nani. Siku ile alipopokea ufunguo niliona macho yake yamejaa maji, na mimi pia nilijiona nimeolewa na mtu mkubwa.

Kwa wiki za mwanzo hatukuwa na la kulalamikia isipokuwa umbali wa maji. Mwanamke aliyenipokea alikuwa Bi Zaina, Mzigua wa umri wa mama yangu, mjane, aliyeishi ng'ambo ya barabara kwenye nyumba ya miti na udongo aliyoikandika mwenyewe. Jikoni kwake ndiko nilikojifunza kusonga bada, ugali wa muhogo, isiwe na mabonge, na kupika mboga ya mchunga mpaka uchungu wake upungue bila kwisha. Tulikula pamoja mchana, mimi na yeye na Rukia, chini ya paa jeusi kwa moshi, mahindi ya mbegu yakining'inia juu ya mafiga. Alinisimulia nyumba yake ya zamani iliyokuwa kilimani, yenye upepo, na jinsi paa lake lilivyoshushwa siku ya kuhama ili asipate pa kurudi. Hakusimulia kwa hasira. Alisimulia kama mtu anayesimulia habari za mtu mwingine, huku anachambua mboga. Na ni yeye aliyeniambia, katikati ya mazungumzo mengine, kwamba pale ilipojengwa nyumba ya mwalimu, zamani palikuwa jaruba la mpunga la ukoo fulani. Palichaguliwa kwa sababu ni tambarare na panaonekana barabarani. Nilisikia, na halikunishtua. Nilikuwa nimekulia mjini, kwangu ardhi ilikuwa ardhi.

Vuli ilipoanza, kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa chumvi. Iligeuka maji ndani ya kopo. Kisha nguo zangu za sandukuni zikaanza kutoa harufu ya kitu kilichofungiwa, na nilipozitoa nikakuta gauni langu la harusi limeota manyoya meupe mepesi kwenye makunjo. Viatu vya Mwalimu vya ngozi vikawa vya kijani. Niliviosha, nikavianika, vikawa tena. Halafu kuta zikaanza. Kutoka sakafuni ulipanda mstari wa rangi ya chai, ukafika kwenye magoti, ukafika kiunoni, na lipu ikawa inavimba na kumomonyoka ukiigusa. Chumba cha kulala kilikuwa upande usiopata jua, na nyuma ya kitanda, ambako sikuwa naona, ukungu mweusi ulikuwa umetapakaa kama ufuta uliomwagwa. Siku niliyosogeza kitanda kufagia nilisimama nikautazama kwa muda mrefu. Rukia alikuwa analala upande huo wa ukutani ili asianguke.

Sasa, kwa kuwa nimeishi katika nyumba nyingi na nimewasikiliza mafundi wengi, naelewa kilichotokea. Tofali zilipandishwa zikiwa mbichi kwa sababu kijiji kilitaka mwalimu aikute nyumba imekwisha, na saruji ikapakwa juu yake kabla hazijakauka, kwa hiyo maji yaliyokuwa ndani ya ukuta yakakosa pa kutokea. Chini hakukuwa na msingi wa mawe, na jaruba likaendelea kufanya kazi yake ya miaka yote, kukusanya maji. Juu ya madirisha hakukuwa na matundu ya hewa. Jiko tulijengewa nje, kwa kuwa nyumba ya kisasa haikupaswa kuwa na moshi, kwa hiyo hakukuwa hata na moto wa kuikausha. Nyumba ya Bi Zaina, iliyotazamwa na kila mgeni kwa huruma, ilikuwa kavu kama ganda la kibuyu. Wakati ule mimi niliona tu kwamba nafagia sakafu inayotoa jasho.

Kikohozi cha Rukia kilianza kama kikohozi cha kila mtoto. Mganga wa zahanati alinipa dawa ya maji, Bi Zaina akanipa asali na kitunguu kilichopondwa, na mama mmoja akaleta hirizi ambayo niliipokea kwa heshima. Kikohozi kikaja kikakaa. Baadaye kikawa si kikohozi tena. Alikuwa anavuta pumzi na mbavu zinaingia ndani, na kifuani mwake kulikuwa na sauti nyembamba kama ya mtu anayepuliza jani. Alikoma kujifunza kutembea. Alikuwa anakaa tu, mikono ameiweka magotini kama mzee, akifanya kazi ya kupumua. Nilimwomba Mwalimu ruhusa nikampeleka Korogwe.

Barabara ilikuwa imeharibika, na tulilala njiani, lakini tulifika. Nilifikia kwa mama yangu mdogo, mtaa wa Manundu, kwenye chumba kidogo chenye dirisha kubwa upande wa jua la asubuhi. Pale hospitali nesi mmoja mtu mzima alimpokea Rukia, akamsikiliza mgongo na kifua, akaniuliza anakula nini, ananyonya bado, tunapikia wapi, tunalala wapi. Nikamwambia tunalala kwenye nyumba nzuri ya saruji na bati. Hakutosheka. Akaniuliza kama nguo zinaota ukungu sandukuni. Niliitikia kwa aibu, maana nilidhani mambo ya sandukuni kwangu ni siri yangu. Akaniambia kwa upole kwamba dawa atanipa, lakini dawa inamfuata mtoto mchana na ule ukungu unamfuata usiku, na usiku ni mrefu. Akasema nianike godoro, nisogeze kitanda mbali na ukuta, nifungue madirisha jua likiwapo, nipake chokaa, nichimbe mtaro maji ya bati yasisimame ukutani. Akamaliza kwa kusema kwamba kama yote hayo hayatasaidia, nimtoe mtoto humo. Nilikaa kwa mama mdogo mpaka mwezi ukaandama. Rukia akapona mbele ya macho yangu. Alianza kutembea pale Manundu, akiifuata sauti ya treni, na mama mdogo akawa anacheka akisema huyu ataolewa na mtu wa reli.

Nimewahi kujiuliza kwa nini nilirudi. Nilirudi kwa sababu nilikuwa na mume, na kwa sababu nilikuwa na orodha ya mambo ya kufanya kichwani na nguvu za kuyafanya. Mwanamke wa umri ule hudhani kila kitu duniani kinaweza kusuguliwa kikatakata. Mwalimu alinisaidia, siwezi kumnyima haki yake. Alichimba mtaro kuzunguka nyumba akishatoka darasani. Alipata chokaa tukapaka kuta zote, akainua kitanda juu ya matofali. Kila jua lilipotoka nilitoa godoro, mito, mikeka, sanduku, nikavitandaza nje mpaka wapita njia wakauliza kama tunahama. Nilikwangua kuta kwa kisu na kuziosha kwa maji ya majivu. Kwa siku chache nyumba ilikuwa inanuka chokaa safi, kisha nikaona ule ufuta unatokea tena chini ya weupe, mmoja mmoja, kama kitu chenye subira. Mvua za masika zilipokuja, mtaro ulijaa maji yakasimama, kwa sababu jaruba halina pa kuyapeleka. Rukia akarudia kukaa kama mzee.

Nilimwambia mume wangu kwamba tuondoke ndani ya nyumba ile, tukae hata kwenye kibanda cha fito, na yeye aendelee kufundisha. Tulikuwa tunakula, nakumbuka, wali wa mapumziko ya Ijumaa na kunde, na wali nao ulikuwa na ile harufu, kwa sababu mchele ulikuwa umekaa kwenye gunia chumbani. Aliacha kula. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Unataka niwaambie nini? Kwamba walichotupa ni kibovu?"

"Waambie mtoto anaumwa."

"Watoto wa hapa wote wanaumwa, Mama Rukia. Wao wanazika kutoka vibandani, sisi tunalalamika ndani ya bati." Kisha akanawa mikono, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mbele.

Sikumchukia kwa maneno yale. Nilijua anachokiogopa, na hakikuwa kitu cha bure. Siku zile kulikuwa na maneno ambayo mtu akibandikwa hayamtoki, na mwalimu aliyeikataa nyumba ya kujitolea angeweza kubandikwa. Lakini zaidi ya woga ilikuwa aibu. Alikuwa anapita kila asubuhi mbele ya wanawake waliobeba mchanga ule, nao wanamwamkia kwa furaha. Angewaambiaje?

Katikati ya masika wakaja wageni kutoka wilayani. Mzee Semboja aliwaleta moja kwa moja kwenye nyumba yetu, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kuwaonyesha. Nilikuwa chumbani na Rukia, mlango umerudishwa, nikawasikia wakiingia sebuleni na viatu vyao vya matope, wakisifu lipu, wakisifu sakafu. Asubuhi yake Mwalimu alikuwa amepaka chokaa mpya. Mgeni mmoja aliuliza familia inaonaje. Mume wangu akajibu kwamba tunashukuru. Mgeni mwingine aliuliza ni nani anayekoroma humo ndani, na hapo pakawa kimya. Rukia alikuwa macho kifuani kwangu, ananitazama, anavuta pumzi kama anayeburuta kitu kizito. Nilingoja. Mzee Semboja ndiye aliyejibu. Alisema mke wa mwalimu ni mtu wa mjini, bado hajazoea hewa ya huku, mtoto ana mafua. Mgeni akacheka kidogo, akasema watazoea. Wakatoka kwenda kuona shamba la kijiji. Mume wangu hakusema neno, wala kwao, wala kwangu aliporudi. Kati ya yote ya mwaka ule, kimya kile ndicho kilichonichukua muda mrefu zaidi kukisamehe.

Siku iliyofuata nilivuka barabara nikaenda kwa Bi Zaina. Nilimwamkia, nikakaa, nikashindwa pa kuanzia, mwisho nikamwomba kona ya nyumba yake nimlaze mtoto mpaka mvua ziishe. Alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. Aliuliza kwani ile nyumba ina nini. Nikamweleza: ukuta, nguo, Korogwe, maneno ya nesi. Nilieleza vibaya, kwa pupa, na nilipofika kwenye neno kwamba nyumba ile inamuua mwanangu, mchi ukasimama.

"Mimi nyumba yangu ilishushwa paa nikiona," alisema. "Tukaambiwa twende tukajenge yetu sote. Hiyo ya mwalimu ndiyo iliyosimama. Shingo yangu mpaka leo haigeuki vizuri kwa ule mchanga. Halafu wewe unakuja kuniambia inaua."

Nilimwomba radhi, nikamchukua Rukia, nikarudi. Nililia nikiwa napepeta mchele, na nilichokuwa nalilia sikukijua vizuri, kama ni mtoto au ni yule mama niliyemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho cha kujivunia. Dhiki ya mwaka ule ilikuwa hiyo. Laiti ningempata mtu mbaya wa kumlaumu, ningepumzika. Lakini kila niliyemtazama alikuwa amefanya wema mpaka ukomo wa uwezo wake, na wema huo ulikuwa umesimama kwenye maji.

Jioni yake Bi Zaina alikuja. Alikuwa hajawahi kuingia chumbani kwetu tangu tuhamie. Heshima ya nyumba ya mwalimu ilimfanya aishie sebuleni siku zote. Safari hii alipita moja kwa moja, akakaa kitandani, akamchukua Rukia, akamlaza begani sikio likiwa mgongoni kwa mtoto. Alikaa hivyo muda mrefu, macho ameyafumba. Kisha akainuka, akanirudishia mtoto, akatoka bila kuaga. Niliposikia mlango unafungwa nilidhani nimempoteza kabisa.

Asubuhi, watoto wakiwa wamejipanga mbele ya darasa na watu wanapita na majembe kwenda shamba la kijiji, alivuka barabara akiwa na ngata ya kitambaa mkononi. Aliniambia nimkunjie godoro. Nilimwuliza kama hataki tungoje watu wapite. Akasema anataka waone. Akaweka ngata kichwani, tukamtwika godoro, akatoka nalo mlango wa mbele. Mzee Semboja alikuwa pale pale barabarani, na watu wakasimama. Alimwuliza anapeleka wapi mali ya mwalimu. Bi Zaina, chini ya lile godoro lenye madoa meusi, alisema kwa sauti ya kawaida, "Mtoto hapumui humo. Mimi niliyeijenga ndiye ninayemtoa, asije mtu akasema ametoroka." Kisha akaendelea na safari yake. Mimi nilimfuata na Rukia mgongoni na sanduku mkononi. Hakuna aliyetuzuia. Wanawake wawili waliweka majembe chini wakaingia ndani kutuchukulia mito. Mlangoni pa darasa alikuwa amesimama mume wangu, chaki mkononi, watoto wamenyamaza nyuma yake. Alituangalia mpaka tulipoingia kwa Bi Zaina, ndipo akageuka akaanza somo.

Natamani ningeweza kuandika kwamba kila kitu kilitengemaa. Rukia alipata nafuu, lakini si kama alivyopata Manundu. Moshi wa jikoni nao haukuwa rafiki wa kifua ambacho kimekwisha kujeruhiwa, na Bi Zaina alihamishia mafiga nje kwa ajili yetu, akapikia mvuani chini ya kipande cha bati. Zilikuja siku mbaya, na siku mbaya hizo hazikutuacha tena mpaka mwezi uliopita. Mwalimu hakuhama. Alisema kama na yeye akitoka kijiji kitavunjika moyo, kwa hiyo akabaki kulala peke yake kwenye nyumba ile, ng'ambo ya barabara, mkewe na mwanawe wakiwa upande huu. Nilimpelekea chakula. Tulikuwa tunasalimiana kama majirani. Alianza kukohoa na yeye, nikamsikia kutoka kitandani kwa Bi Zaina, na hakuna kati yetu aliyelitaja jambo hilo. Mzee Semboja aliacha kunitazama machoni. Siku moja tu tulikutana njiani, nikamwamkia, akaitikia, akasimama kama mwenye neno. Aliniambia walimwuliza wilayani nyumba itakwisha lini, akawaambia kabla ya vuli, na mtu ukishasema mbele ya wakubwa huwezi kuziambia tofali zikauke taratibu. Akaendelea na njia yake. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi.

Mwalimu alipohamishiwa Korogwe, mwisho wa mwaka, nyumba ikageuzwa ghala la kijiji. Ilionekana jambo la busara, maana ilikuwa na bati na kufuli. Habari za baadaye nilizipata kwa Bi Zaina, aliyekuja mjini kutibiwa shingo. Waliingiza humo mahindi ya shamba la pamoja, magunia mpaka juu, na mvua zilipokuja wakafunga madirisha ili yasilowe. Walipofungua, wakati wa njaa, magunia ya chini na ya ukutani yalikuwa yameshikana kama ugali, kijani kwa ndani. Waliyaosha, wakayaanika, wengine wakasaga na kula kwa kuwa hawakuwa na kingine, wakaugua matumbo. Yaliyobaki waliyafukia. Bi Zaina alisema Mzee Semboja alilichimba shimo lile mwenyewe, akakataa msaada, na baada ya hapo hakuitisha mkutano kwa muda mrefu. Aliniambia hayo kwa sauti ile ile aliyonisimulia nyumba yake ya kilimani, huku anamtazama Rukia anacheza uani na kusimama kila mara kutafuta pumzi.

Mimi na Mwalimu hatukuwahi kuuzungumza mwaka ule. Tulizaa watoto wengine, tukaishi nyumba za kupanga, akastaafu. Alikuwa mume mwema na baba mpole, na hilo nililiona kila siku, lakini kulikuwa na mlango kati yetu ambao kila mmoja aliupita kwa kunyata. Kisha Rukia akawa mtu mzima, ana kazi yake, akapata kiwanja pembeni ya mji wa Korogwe kwenye njia ya kwenda Ngombezi. Baba yake, mzee sasa, fimbo mkononi, akasema atasimamia msingi yeye. Alikuwa anaondoka asubuhi na kikapu cha chakula na kurudi jua likizama, nguo zimejaa vumbi la mawe. Fundi alikuja kunilalamikia kwamba mzee anawafanya wainue msingi kupita nyumba zote za mtaa, mawe juu ya mawe, na kwamba amewakataza kupandisha ukuta mpaka kila tofali aligonge kwa kidole na kulisikiliza. Nikaenda kuona. Nilikuta majirani wamekusanyika kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, wanataniana, na mzee mmoja akamwuliza Mwalimu kama anajenga nyumba au mnara, maana wazee kama wao watazipandaje ngazi zake.

Mume wangu hakucheka. Aliegemea fimbo yake, akawatazama wote, mmoja mmoja, kama alivyokuwa akitazama darasa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya rundo la mawe na kapu langu, hakuniona.

"Binti yangu ana kifua," alisema. "Alikipata mdogo, kwenye nyumba yenye maji. Mimi nilikuwepo."

Kisha akamgeukia fundi, akamwambia aongeze mstari mmoja wa mawe.